Nusu Kikombe cha Samarkandi

Wenzangu wadogo wa ofisini, mliniomba niwaandikie machache kabla sijarudisha ufunguo wa droo yangu. Grâce ndiye aliyesema kwa niaba yenu: "Mama Odette, utuandikie namna unapangaka safari za bantu." Nimekaa hapa nyumbani, mtaa wa Hewa Bora, nimesogeza meza dirishani, na nimegundua kwamba namna hiyo haiandikiki peke yake. Inakuja imeshikana mikono na watu. Basi nitawapitisha polepole, kama tunavyompitisha mteja ambaye hajawahi kupanda ndege. Mkichoka, nyosheni miguu.

Siku yangu ya kwanza sikupewa kiti. Papa Mwewa, aliyekuwa mkuu wa ofisi yetu, alinipa mfuko mtupu akaniambia niende Kasumbalesa, nivuke mpaka, ninywe soda upande wa Zambia, nirudi. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino, maana nilidhani naanza kazi ya mezani. Ninyi mnaijua Kasumbalesa: foleni ya malori isiyo na mwisho, wabadilisha fedha wanaokuita mama kabla hujashuka, vijana wa forodha wanaotaka kukubebea hata mkoba wa mkononi. Nilirudi jioni, viatu nimevishika mkononi.

Papa Mwewa hakuniuliza kama nilivuka. Aliniuliza, "Uliogopa wapi?"

Nikafikiri. "Pale ku dirisha, papa. Afisa aliniuliza naenda kufanya nini. Niliona haya kumuambia naenda kunywa soda. Nikamusimulia juu ya shangazi."

"Uko na shangazi Zambia?"

"Hapana, papa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema neno ambalo nimelifanyia kazi maisha yangu yote. "Tiketi, hata mashine itaiandika. Kazi yako ni kufika pale muntu anaogopa, ufike mbele yake."

Papa Mwewa alikuwa wa familia zilizokuwa zikilima hapa kabla migodi haijawazunguka, na kwa hiyo hakushangazwa na wageni wala hakuwakimbilia. Alikuwa na desturi ya kuigiza safari hapo hapo ofisini. Yeye alikuwa afisa wa uhamiaji, meza yake ilikuwa dirisha, na mteja alisimama mbele yake na pasipoti mkononi. "Unaenda kukaa siku ngapi?" Mtu wa Lubumbashi akiulizwa hivyo huanza kwa salamu, huuliza habari za watoto wa afisa, kisha hueleza kwa nini mdogo wake hakuweza kuja. Sisi ni watu wenye adabu, na foleni nyuma yetu hulipia adabu hiyo. Mteja alirudia mpaka ajifunze kutaja hesabu ya siku tu, na kunyamaza.

Chombo kingine alichonifundishia ni birika la bati, la kijani, lililobanduka rangi mdomoni. Alisema mteja mwenye kikombe mkononi husema ukweli. Nimeona ni kweli. Mpe mtu chai kabla ya kumpa fomu, na utajua kwamba anaogopa lifti, au kwamba hajui kusoma ubao wa ndege, au kwamba hataki kwenda ila wakwe wanamlazimisha. Alipostaafu aliniachia birika. Kompyuta alimwachia mwingine.

Miaka ikapita kwa njia zile zile: wafanyabiashara wa Dubai, wa Guangzhou, wa Istanbul. Nilifikiri ninaijua dunia. Ndipo akaja Mwalimu Kazadi.

Mwalimu Kazadi alikuwa amefundisha jiografia hadi kustaafu. Watoto wake wa Ulaya walikuwa wamemchangia nauli, wakidhani atakwenda kwao. Yeye alikaa mbele yangu akasema, "Mama, maisha yangu yote nimechora njia ya hariri kwa chaki. Sasa nataka kuikanyaga. Nipeleke Uzbekistan."

Nilimwambia wazi kwamba sijui watu wa huko wanavyokaa wala wanavyokula. Akasema, "Muzuri. Mi naenda kukuletea." Na kweli aliniletea. Karibu yote ninayowaambia wateja wa nchi ile yalitoka kinywani mwake, nikiwa namimina chai na yeye akisimulia.

Aliniambia kwanza kwamba Mswahili huko si mgeni kabisa. Safari wanaiita *safar*. Habari ni *xabar*, dunia ni *dunyo*, kitabu ni *kitob*, chai ni *choy*, na asante yao, *rahmat*, ni ndugu wa rehema yetu. Sambusa huipika tanurini na kuiita *somsa*. Wana neno *bor*, ambalo hufanya kazi kama *iko* yetu: ukiingia dukani ukasema "*Non bor?*" umeuliza kama mkate iko, na utaeleweka. Niliwafundisha wateja hilo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mtu akishajua kuomba mkate katika nchi, hofu yake hupungua nusu.

Mkate wenyewe una heshima zake. Ni wa duara, unamegwa kwa mkono, haukatwi ovyo, na kamwe haulazwi kifudifudi. Viatu huachwa mlangoni, kwa hiyo kagueni soksi za mteja. Salamu ya mtu mzima ni kuweka mkono wa kulia kifuani na kuinama kidogo.

Halafu chai. Mwalimu alikasirika alipofika hapo, ingawa safari ilikuwa imekwisha.

"Kule chai wanainywea ku bakuli kadogo. Siku ya kwanza walinimiminia robo ya bakuli. Robo! Nikasema, labda majani yamekwisha. Siku ya pili, nusu. Siku ya tatu nikamuuliza mutu wa hoteli, nimewakosea nini?"

Kumbe huko, kikombe kisichojaa ndicho cha heshima. Maana yake ni: kaa, nitakumiminia tena na tena. Kikombe kilichojaa hadi ukingoni humwambia mgeni kwamba akimaliza hicho, mlango anaujua. Na kabla ya kuanza, mwenye nyumba humimina chai bakulini na kuirudisha birikani, mara tatu, ndipo huanza kugawa.

Mwisho akanisimulia juu ya msikiti mkubwa wa Samarkandi unaoitwa kwa jina la Bibi fulani wa zamani. "Bibi," akasema, "kule ni mama mukubwa, mama wa kuheshimu. Nyumbani kwa batu, nyanya wanamuita bibi." Tukacheka. Nitawaeleza kwa nini, maana Grâce alizaliwa Kinshasa: hapa kwetu Lubumbashi bibi ni mke. Ukisema "bibi yangu" hakuna anayemfikiria nyanya yako. Nyanya tunamwita kambo.

Nililiweka neno lile kichwani kama kichekesho. Sikujua kwamba litaniletea Mama Ngalula.

Mama Ngalula mnamjua, ndiye anayeuza vitenge na ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Mwanawe pekee, Trésor, anasomea udaktari Samarkandi na amepanga chumba katika nyumba ya familia. Asubuhi moja mama aliingia akavuta kiti mwenyewe.

"Mama Odette, nipe tiketi ya Samarkand."

"Karibu, mama. Ya kwenda na kurudi?"

"Kwenda, miye peke. Kurudi, sisi babili. Mi naenda kumutoa mutoto yangu kwa ile bibi."

Nikaweka maji motoni. Akatoa simu, akanisikilizisha sauti ya Trésor, ambaye alikuwa ameficha ugonjwa wake mpaka alipopona: "Mama, usisikitike. Baridi ilinishika mapafu, lakini bibi alinichunga sana. Bibi njo ananipikia, bibi njo alinipaka mafuta ku kifua. Bila bibi, ningekufa."

"Mafuta ku kifua!" akasema Mama Ngalula. "Umesikia? Ameoa bila mama, bila baba mudogo, bila hata mbuzi moja. Na yee anasema juu ya mafuta!"

Nilikuwa nimekwisha kusikia sauti ya Mwalimu Kazadi ndani ya kichwa changu. Nikamwomba tumpigie kijana, nami nikaweka spika.

"Trésor, ni Mama Odette wa ofisi ya safari. Mama yako iko hapa. Ile bibi yako, iko na miaka ngapi?"

"Eh, mama, sijue. Sabini na kitu?"

Mama Ngalula alishika ukingo wa meza. "Yesu wangu. Mutoto ameoa kambo."

"Nani ameoa?" akauliza Trésor kutoka Samarkandi.

Ilituchukua muda kumaliza kucheka, mimi na Trésor na mteja aliyekuwa akingoja kwenye benchi. Kijana akaeleza: ni nyanya wa nyumba ile, nyumba nzima inamwita Bibi, naye akazoea. Alikesha naye wiki ile mbaya, akimpikia mchuzi wa kondoo na kumsugua kifua kwa mafuta ya mkia wa kondoo.

Mama Ngalula hakucheka. Alikata simu, akaiacha chai ipoe mbele yake.

"Muntu mwenye hanijue," akasema mwishowe, "alilala chini karibu na mutoto yangu, na miye hapa nilikuwa nabishana bei ya kitenge. Na nani amemuambia aksanti?"

"Trésor bila shaka amemwambia."

"Trésor ni mutoto. Aksanti ya mama inasemwa na mama. Na aksanti ya telefone haiko aksanti." Akasukuma kikombe. "Ile tiketi, unipe vilevile."

Hapo ndipo nikamuuliza swali la Papa Mwewa. Wengi hujibu kwamba wanaogopa ndege. Yeye alisema, "Naogopa nifike mbele ya ile mama, nifungue kinywa, au nitoe mukono, na kitoke kitu kibaya. Ataniangalia na kusema, kumbe nilimuokoa mutoto wa bantu hawa. Nina siku moja tu ya kusema aksanti ya kwanza. Ya pili haiko sawa."

Tukaanza kazi. Haya ni mambo ya kawaida, lakini yaandikeni. Visa inaombwa mapema, na sheria zake hubadilika, kwa hiyo msiamini kumbukumbu zenu, ulizeni ubalozi kila mara. Angalieni pia kama anahitaji kibali cha kupita pale anapobadilishia ndege. Kadi ya njano ya chanjo ikae ndani ya pasipoti, si ndani ya sanduku. Noti za dola ziwe safi. Hilo halihitaji maelezo katika mji huu, ambamo noti yenye tundu la sindano hukataliwa na muuza nyanya. Dawa ni jambo zito: nchi ile huzuia dawa kadhaa, hasa za maumivu makali, ambazo hapa mtu hununua bila cheti. Mteja aje na mfuko wake wa dawa, mkague kila kidonge, na alichobaki nacho kiwe na cheti cha daktari. Akilala hotelini, wao humwandikisha serikalini. Akilala nyumbani kwa watu, wenyeji wake wamwandikishe bila kuchelewa. Treni ya kasi ya kutoka Tashkent, mji mkuu wao, kwenda Samarkandi hujaa, ikatiwe kiti mapema. Na "baridi" ya mwezi wa sita ya Lubumbashi isimdanganye mtu: baridi ya huko wakati wa theluji ni mnyama mwingine.

Tulibishana kuhusu viwavi tu. Mama Ngalula alitaka kumpelekea Bibi mfuko wa viwavi vilivyokaushwa, vya Kasomeno, vile vizuri.

"Viwavi vyako havina kosa, mama," nikamwambia. "Lakini afisa wa forodha hajui kwamba havina kosa. Na Bibi ni Mwislamu, hujui kama atavila."

"Hata kuvionja?"

"Peleka kitenge. Kitenge hakina miguu."

Kisha tukaigiza. Benchi likawa mlango, akavua viatu. Nikatandika kitambaa chini, tukakaa, tukamega mkate. Nilipommiminia nusu ya bakuli, uso wake ukabadilika ingawa nilikuwa nimekwisha kumweleza.

"Nusu? Kwetu hata maji unajaza. Kikombe nusu unapatia mutu alikuja kukukopa."

"Najua. Ndiyo maana tunafanya mazoezi."

Akachukua birika, akafanya nilivyofanya. Mara tatu kurudisha birikani, halafu nusu, kutoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto kifuani. Mara ya kwanza alimwagia chai tiketi za mteja mwingine. Mara ya tano alikuwa kama aliyezaliwa huko. Akaondoka kutoka uwanja wa ndege wa Luano na kitenge kizuri kuliko vyote vya dukani kwake, nami nikabaki na wasiwasi wa kawaida, ule ambao haunitoki mpaka mteja arudi.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, kwenye kiti kile kile.

Alifika, akavua viatu, akaweka mkono kifuani. Bibi alikuwa mdogo kuliko alivyomfikiria, na shungi jeupe. Walikuwa wamemwandalia kitambaa kilichojaa zabibu na lozi na mikate. Mama Ngalula akapiga magoti, kama mtu anavyofanya kwetu, akafungua kinywa aseme maneno aliyoyapanga tangu alipobadilisha ndege Addis Ababa. Yakakauka. Akamgeukia Trésor atafsiri chochote, na Trésor alikuwa analia. Basi hapakuwa na maneno wala mkalimani.

Bibi akanyoosha mkono kuchukua birika, na mkono wake ulikuwa unatetemeka.

"Mama Odette, mwanamuke wa kwetu anaangalia je muzee anamumiminia chai na mukono ule? Nilikamata birika. Nikamumiminia. Nikajaza. Nikajaza mupaka juu, kabisa, sababu moyo yangu ilikuwa mupaka juu."

Binti wa nyumba aliyekuwa akimega mkate akauacha. Trésor akaacha kulia papo hapo, akanong'ona, "Mama, ulijaza."

"Ndipo niliona bakuli," akaniambia. "Nilitembea dunia muzima nimuambie aksanti, na nimemuambia atoke. Ndani ya nyumba yake!"

"Ukafanya nini?"

"Mikono ilikumbuka. Si ulinifanyisha mara tano?"

Alilichukua lile bakuli lililojaa, taratibu, bila kumwaga tone, akalirudisha lote birikani. Akamimina tena, akarudisha. Akamimina tena, akarudisha. Kisha akamimina nusu, akampa Bibi kwa mkono wa kulia, wa kushoto kifuani, akasema neno moja alilobaki nalo: "*Rahmat.*"

Bibi alimtazama yeye, akatazama bakuli. Akasema kitu, na Trésor, aliyekuwa amepata sauti, akatafsiri: "Anauliza, nani alikufundisha?"

"Muambie ni mama mumoja wa ofisi, kule kwetu. Na umuambie ukweli: ile ya kwanza haikuwa ya kurudisha. Nilikosea. Kwetu kujaza ni kupenda."

Trésor alisita, maana kosa lilikuwa limekwisha kufunikwa vizuri. Mama akamkazia macho, naye kijana akatafsiri. Bibi alicheka mpaka shungi likateleza, akamvuta Mama Ngalula kichwa, akakilaza begani pake. Kitenge kilitolewa baadaye. Kufikia hapo, alisema, kilikuwa karibu kimesahauliwa.

Alikaa kwao siku zote za visa yake. Alionyeshwa ule msikiti wenye jina la Bibi, akapiga picha nyingi za mkate. Asubuhi ya kuondoka, wakiwa wamekaa na masanduku mlangoni, Bibi alikamata birika mwenyewe kwa mikono miwili. Akammiminia Mama Ngalula bakuli, nusu, akapita nusu, akaendelea, mpaka chai ikasimama juu ya ukingo ikitetemeka.

Trésor akashtuka. "Mama, anatufukuza?"

"Nyamaza," akasema mama yake. "Anasema Kiswahili."

Nimewaandikia habari hii kwa kirefu kwa sababu mtaulizwa siku moja kazi hii ina faida gani, ikiwa simu inaweza kukata tiketi. Simu ikate tu, ni hodari. Ninyi wekeni maji motoni, muulize mtu anaogopa wapi, na mumfanyie mazoezi mpaka mikono yake ikumbuke peke yake. Hamtakosa kazi.

Ijumaa iliyopita mliniaga vizuri sana. Mlinijazia glasi za soda hadi zikamwagika juu ya kitambaa cha meza, mkanipigia makofi, nami nikalia kidogo, kama inavyotakiwa. Mliona Mama Ngalula akiingia amechelewa, na bakuli dogo la buluu lililofungwa kwa gazeti. Hamkuelewa kwa nini alikwenda moja kwa moja kwenye birika la Papa Mwewa, wala kwa nini alimimina na kurudisha, akamimina na kurudisha, mara tatu, huku hotuba ikiendelea. Mwenzenu Patient aliniuliza pembeni kama mama yule ni mzima.

Kisha aliniletea bakuli. Nikaangalia ndani: nusu.

"Umeona, Mama Odette?" akasema.

Nikamwambia nimeona. Nikainywa, nikamrudishia bakuli, akanimiminia nusu nyingine.

Ufunguo wa droo nitauleta Jumatatu. Wekeni maji ya chai.